Pumzi ya Shubiri Moja

Katika nyumba ya Fundi Sufuria, mwenye neno la mwisho alikuwa paka, ingawa kwa miaka sita hakuna mteja hata mmoja aliyelijua hilo.

Chumba cha kazi kilikuwa nyuma, kati ya jiko na ua. Urefu hatua tano, upana nne, kuta zimevishwa magodoro makuukuu na mablanketi ya rangi ya udongo, dirisha moja lenye pazia zito kama koti la mlinzi. Ukiingia ukafunga mlango, masikio yako yalijihisi yamevua viatu. Neno lilikutoka mdomoni likaanguka pale pale miguuni, halina pa kudundia, na wageni wengi walianza kunong'ona kabla hawajaambiwa. Mezani kulikuwa na kompyuta na boksi la chuma lenye vitufe vya kuzungusha, vimelainishwa na vidole mpaka vikang'aa kama kokwa. Spika mbili zilisimama pembeni kama mashahidi. Na juu ya amplifaya, penye joto, alilala Jaji, paka wa kijivu, mnene kama hakimu aliyebakiza mwezi mmoja kustaafu.

Kazi ya fundi ilikuwa ya mwisho katika safari ya wimbo. Wanamuziki wakishapiga, na mtu wa miksi akishapanga nani akae mbele na nani akae nyuma, wimbo huwa umeiva lakini haujapakuliwa. Hapo ndipo hupelekwa kumastiwa. Mtu wa kumasta hawezi tena kumhamisha mpiga gitaa wala kumtuliza mpiga ngoma. Analetewa nyumba nzima imeshaezekwa, na watu wameshahamia. Kilichobaki mikononi mwake ni madirisha tu. Hili analifungua kidogo, lile analishushia pazia, dari anaiinua kwa upana wa kidole ili watu wapumue. Akizidisha, nyumba yote inakuwa kioo na mtu hana pa kujisitiri. Akipunguza mno, watu wanaishi shimoni.

Jina la Sufuria alilipata kwa sababu kabla ya kukabidhi wimbo wowote alitumbukiza kispika kidogo ndani ya sufuria akasikiliza.

"Wimbo ukiweza kuishi humu, utaishi popote," aliwaambia wateja.

"Na maziwa yangu yataishi wapi?" mkewe alimjibu kutoka jikoni.

Alikuwa msimuliaji asiye na breki. Alidai aliwahi kuusafisha wimbo wa tarumbeta hadi mpigaji mmoja akagundua kwamba siku ya kurekodi hakuwepo. Alidai kuna besi aliishusha chini mno ikatokea upande wa pili wa ukuta, na jirani akairudisha akiikokota kwa mkokoteni. Alidai pia kwamba nyenje wa mtaa ule walihama wote, miaka sita iliyopita, kwa wivu. "Wameona sina mpango wa kuwarekodi," alisema. Na birika la jikoni liliacha kupiga filimbi mwaka ule ule. Vitu vya siku hizi, bati tupu.

Mkewe, Mama Chiriku, kila aliposikia habari ya nyenje na birika aliinua nyusi, akaendelea na shughuli zake.

Kitu kimoja fundi hakukisimulia popote, hata kwa nafsi yake alipokuwa akinyoa ndevu: sauti nyembamba za juu kabisa zilikuwa zimeanza kumpa kisogo. Kidogo tu, alijiambia. Siri ya paka aliivumbua kwa bahati. Siku moja alikuwa akiongeza ung'avu kwenye wimbo wa kwaya ya wazee, anaongeza na kuongeza, maana kila alipoongeza hakuona tofauti. Ghafla Jaji akainua kichwa, masikio yakalala nyuma, akaruka chini akaenda kusimama mlangoni kama mtu aliyetukaniwa ukoo. Fundi akarudisha kitufe nyuma. Jaji akageuka. Akarudisha tena kidogo. Jaji akapanda, akazunguka mara mbili, akalala. Wimbo ulipopelekwa kwa wenyewe walikuja kushukuru watu kumi na mmoja kwa mpigo. Tangu hapo ikawa ndiyo kanuni: ongeza ung'avu mpaka paka aamke, kisha rudi hatua moja nyuma.

*

Jumanne asubuhi akaja binti yake, Chiriku, aliyepewa jina hilo akiwa na miaka miwili, na tangu siku ile hakunyamaza. Alikuwa mtu wa miksi katika studio moja upande wa pili wa mji. Aliingia na flashi ndogo mkononi, ameishika kama yai.

"Shikamoo baba. Nimekuletea mgonjwa."

"Marahaba. Anaumwa nini?"

"Anaumwa wewe." Akaketi juu ya meza, jambo ambalo mwingine yeyote angefukuzwa kwalo. "Nilikuwa napanga stoo ya mama wiki iliyopita, nikakuta kanda kubwa chini ya kifuniko cha cherehani. Ile ya mwanzo kabisa, baba, kila chombo kiko kwenye njia yake, hakijaguswa na mtu. Nimeimiksi upya. Ni 'Anua'."

Fundi alikuwa amefungua mdomo kutoa hadithi. Akaufunga.

Miaka thelathini na minne iliyopita Mama Chiriku hakuwa mama wa mtu. Alikuwa mwimbaji wa bendi yenye sare za kijani, na fundi alikuwa kijana aliyejifunza kazi kwa kufungua redio za watu na kutafuta visingizio. "Anua" ulikuwa wimbo aliotunga mwimbaji huyo mwenyewe, habari za mwanamke anayeanua nguo kabla ya mvua, akikunja moja moja na kumkumbuka kila anayeivaa. Kabla ya ubeti wa mwisho vyombo vyote vinanyamaza. Anavuta pumzi. Kisha anaimba peke yake.

Fundi alikuwa amekubaliwa uchumba siku kumi tu zilizotangulia alipopewa wimbo ule kuumasta kwa ajili ya santuri, na furaha ilikuwa imempanda kichwani. Alitaka ung'ae kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka kwenye spika. Aliukamua mpaka mnong'ono ukalingana na kelele. Aliongeza ung'avu mpaka sauti ya mchumba wake ikawa kama kijiko ndani ya glasi. Na kwa kuwa alikuwa amekiinua kila kitu, ile pumzi nayo iliinuka, ikawa kubwa kama upepo unaosukuma mlango. Akaiona uchafu. Akachukua wembe, akakata utepe wa kanda ya miksi urefu wa shubiri moja, akaunga huku na huku.

Mchumba wake alikiokota kile kipande sakafuni.

"Hiki nini?"

"Pumzi yako. Nimeitoa, ilikuwa inaharibu."

"Na mimi nitaimba na nini?"

Kijana alidhani ni utani, akacheka mpaka akashika meza.

Santuri ilitoka, ikapendwa, ikapigwa kwenye maredio. Yeye aliisikiliza mara moja hadi mwisho, mikono mapajani. "Huyo si mimi," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyepewa pasipoti yenye picha ya mtu mwingine. Wakaoana, wakazaa, wakazeeka vizuri tu. Lakini hakuimba tena. Watoto walilazwa kwa hadithi za baba, na Chiriku alikuja kujua kwamba mama yake aliwahi kuwa mwimbaji siku alipoona jalada la santuri nyumbani kwa shangazi. Wimbo ule ukianza popote, mama aliondoka chumbani kwa utaratibu, kana kwamba kuna kitu ameacha jikoni.

"Mama anajua?" fundi aliuliza hatimaye.

"Anajua." Sauti ilitoka mlangoni. Mama Chiriku alikuwa amesimama pale, nyuma ya kizingiti, mahali alipozoea kusimama. Katika miaka yote hiyo mguu wake haukukivuka kile kizingiti. Chai aliipitisha kwa mkono, mtu akaja kuipokea. "Huyu mwanao ana mdomo, angenificha nini? Sikilizeni. Jumamosi baada ya chai nitausikiliza. Mara moja. Mara moja tu, Baba Chiriku. Akiwa ni yule yule wa kwenye santuri, hiyo kanda nitafungia mizigo, na mtu asiniletee tena habari yake mpaka nife."

"Na akiwa ni wewe?"

"Nitajijua," alisema, akaenda zake.

*

Jumatano fundi alifunga mlango, akazima taa, akaacha ufito mmoja wa mwanga uliopenya pembeni mwa pazia na vumbi likielea ndani yake bila haraka. Akausikiliza wimbo mara ya kwanza bila kugusa kitu. Kisha akaanza.

Kitufe cha chini kabisa alikizungusha kwa unene wa ukucha, na sakafu ikatokea chini ya wimbo, saruji iliyomwagiwa maji asubuhi. Sasa mtu angeweza kusimama. Akagusa cha katikati, akapunguza, na kitu kama mvuke kikaondoka. Ukuta wa kushoto ukajitokeza na mpiga gitaa ameuegemea, kiatu kimoja hakina kamba. Mpiga ngoma alikuwa karibu zaidi kuliko fundi alivyokumbuka. Fundi akaomba njia, akapita.

Halafu akakishika kitufe cha kukamua, kile kinachozishusha sauti kubwa ili ndogo zipate kuonekana. Akakikaza kidogo tu. Vitu vilivyokuwa vimejificha vikaanza kutambaa kuja mbele. Kiti kililia. Mtu alimeza mate. Nje ya ukumbi ule wa zamani baiskeli ilipita, kengele ikagonga mara moja, na fundi akageuza kichwa kumtazama mwendeshaji: mtu mwenye kofia, amebeba shada la maua ya plastiki, hana habari kwamba ameingia kwenye wimbo na hatatoka. Wakapungiana mikono.

Na mbele, katikati, alisimama yeye, na gauni la kijani, mkono mmoja umelowa kwa sababu alinawa uso kabla ya kuimba. Fundi alimwona mabega, akamwona shingo. Uso ulikuwa kivulini.

Akaongeza ung'avu kidogo ili amwone.

Bado kivuli. Akaongeza tena. Akamtazama Jaji; Jaji alikuwa amelala fofofo, ubavu unapanda na kushuka. Akaongeza. Hajawahi kwenda mbali namna hii na wimbo wowote. Labda sauti hii inastahimili, aliwaza, sauti zingine zina ngozi yao. Akazungusha tena, na mwanga ukaanza kumpanda yule binti kidevuni, mdomoni, puani, na mwisho kabisa macho, macho yale yale, yakimtazama yeye moja kwa moja kama siku ile aliyomkubali. Fundi alikaa hapo akimwangalia. Alipokuja kuinua kikombe, chai ilikuwa imeganda utando na siku ilikuwa Alhamisi.

*

Ijumaa mchana Chiriku alikuja kusikiliza kabla ya kesho. Fundi alimkalisha katikati ya spika, akajifuta mikono kwenye suruali kama mpishi, akabonyeza.

Chiriku alistahimili ubeti mmoja. Wa pili ulipoanza alikuwa ameziba masikio kwa viganja.

"Baba, zima. Baba! Zima, meno yangu!"

"Meno yamefanya nini?"

"Yanawasha! Kila neno lina sindano. Matoazi yanakaanga. Hapo anaposema 'sasa', hapo, hiyo si 'sasa', baba, hao ni nyoka wanagombania shuka!"

"Haiwezekani," fundi alisema kwa utulivu wa mtu mwenye ushahidi. "Jaji amelala."

Chiriku akashusha mikono taratibu.

"Jaji anaingiaje hapo?"

Fundi akaangalia dari.

"Baba. Usiniambie."

"Sijakuambia kitu."

"Umeniambia! Unamasta kwa paka?"

"Simasti kwa paka. Namshirikisha."

"Tangu lini?"

"Siyo zamani." Akahesabu kimoyomoyo kisha akaona aibu ya kudanganya kwa mara ya pili ndani ya dakika moja. "Miaka sita. Lakini mwanangu, huyu mnyama ana sikio wewe hujawahi kuona. Panya akiwaza tu, huyu anasikia."

Chiriku hakujibu, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kutisha. Alitoka, akarudi na mifuniko miwili ya sufuria. Akanyata nyuma ya amplifaya, akasimama juu ya paka, akaigonga mifuniko kwa nguvu zake zote.

Fundi aliruka kitini. Spika zilijibu kwa mtetemo. Jaji alivuta pumzi, akaitoa, akakunja ukucha mmoja katika ndoto. Ni baada ya muda, upepo wa mifuniko ulipomfikia kwenye manyoya, ndipo alipofungua jicho moja, akawaona, akapiga mwayo, akarudi alikotoka.

"Kiziwi," Chiriku alisema. "Baba, hakimu wako kiziwi kama gogo."

Fundi alimwangalia paka wake, halafu boksi lake, halafu vidole vyake.

"Ndiyo maana kwaya ya wazee hawajarudi tangu mwaka jana," alisema.

"Ndiyo maana."

"Nilidhani wamegombana."

Chiriku alitaka kucheka, akaona uso wa baba yake, akaacha.

"Unajua nimefanya nini?" fundi alisema. "Nimemtengeneza tena yule yule. Yule wa santuri. Miaka thelathini na minne naomba nafasi ya pili, nimepewa, na mikono hii hii imeenda imeleta kijiko ndani ya glasi. Na mimi nilimwona, Chiriku. Nilimwona hadi macho."

"Acha nimalizie mimi. Masikio ninayo."

"Masikio unayo. Lakini sauti ile wewe umeikuta kwenye kanda tu. Hujawahi kusimama hatua mbili kutoka kwake akiimba. Utaifanya nzuri, najua. Nzuri siyo yeye. Mimi mwenyewe niliifanya nzuri."

"Basi nani anaijua?"

Nje ya mlango kitu cha bati kiligongana na kizingiti. Mama Chiriku alikuwa amesimama pale na birika mkononi, mvuke unalitoka puani.

"Hili birika halijaharibika," alisema.

Fundi hakuelewa.

"Linapiga filimbi. Asubuhi linapiga, alasiri linapiga, sasa hivi limepiga mpaka mbwa wa jirani kalalamika. Miaka sita nalikimbilia kulitoa jikoni kabla hujaona mvuke ukauliza."

"Na nyenje?"

"Wapo. Wamejaa. Wananinyima hata usingizi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama Chiriku alilihamisha birika kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Ulikuwa unawasimulia vizuri," alisema.

Kisha alifanya jambo ambalo Chiriku alilieleza baadaye kwa ndugu wote, kila mara akiongeza kidogo, maana damu ni ya baba. Aliweka birika chini. Akavuka kizingiti. Akatembea hatua tatu ndani ya chumba kile alichokuwa hajakikanyaga, akasimama mbele ya amplifaya, akaitazama ile hukumu ya kijivu iliyokuwa ikikoroma.

"Sogeza huyu paka."

Jaji hakusogezeka kirahisi. Ikabidi Mama Chiriku aketi kwenye kigoda kando ya amplifaya na kumpakata, mgongo wake ukiwa umemwelekea mumewe.

"Haya. Piga."

"Kesho, mama. Tulisema Jumamosi. Haijawa tayari, inachoma, muulize Chiriku."

"Nilisema mara moja. Sikusema mara moja ikiwa tayari. Itayarishe mimi nikiwa nasikiliza." Akageuza kichwa kidogo, kiasi cha kuonyesha sikio na nusu ya tabasamu. "Si ndivyo unavyofanya na paka?"

*

Dakika nne na sekunde kumi. Fundi aliujua urefu wa wimbo ule kama anavyojua urefu wa kitanda chake. Akaweka kidole kwenye kitufe cha ung'avu, akabonyeza.

Gitaa liliingia, na mabega ya mkewe yakapanda mpaka karibu na masikio. Fundi akarudisha kitufe nyuma. Mabega yakabaki juu. Akarudisha zaidi. Kwake yeye kila alichopunguza kilikuwa giza. Alimwona binti mwenye gauni la kijani akirudi kivulini, macho kwanza, halafu pua, halafu mdomo, na kila alipozungusha alikuwa kama anayemfunika shuka mtu aliyemtafuta maisha yake yote. Mkono ulimsihi usimame. Akamtazama yule wa kigodani, mwenye mvi kisogoni na kifungo kimoja cha gauni kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, akaendelea kuzungusha.

Mabega yakashuka kwa upana wa vidole viwili.

Ubeti wa pili. Kichwa cha mkewe kiliinama upande, kama mtu anayesukumwa kwenye foleni. Fundi akajua: bado amewakamua pamoja mno, hawana nafasi. Akalegeza kile kitufe kingine. Mpiga ngoma akarudi nyuma hatua mbili, akaomba radhi. Mtu wa baiskeli akasogea mbali barabarani, kengele yake ikawa ndogo kama shilingi iliyoanguka nyumba ya pili. Kichwa cha mkewe kikanyooka.

Chiriku, aliyekuwa amesahau kuongea, alifungua pazia na dirisha ili apate pa kuangalia. Ng'ambo ya ukuta wa ua, jirani aliyekuwa akipeta mchele wake alisimama, akatega sikio. Akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, kavu, haina wingu hata la kuazima. Jirani akaenda kwenye kamba, akaanza kuanua nguo, shati moja moja, akilikunja kila moja kifuani kabla ya kuliweka begani. Chiriku aliliona hilo kwa macho yake, na kama kuna asiyeamini, akamuulize jirani.

Sasa fundi hakuona chochote tena mle ndani ya wimbo. Ulikuwa ukumbi wa giza wenye sakafu, na watu wanaopiga muziki bila kuonekana. Alikuwa amebakiwa na shingo moja na mabega mawili. Alizungusha kwa kuyafuata: yakikaza alirudi, yakilegea alibaki. Mkono wa mkewe ulikuwa unampapasa paka kwa mdundo wa ngoma, na yeye mwenyewe bila shaka hakujua.

Vyombo vikanyamaza.

Kwenye masikio ya fundi palikuwa kimya kabisa, kimya cha shubiri moja, kama ule utepe alioukata na kuuunga. Amepunguza mno? Ameifuta tena? Pumzi ni kitu chembamba, kinaishi huko juu wanakoishi nyenje na filimbi za birika, huko asikofika tena. Akaangalia.

Mabega ya mkewe yalipanda. Yalipanda polepole, mapana, mgongo wote ukafunguka chini ya gauni, mbavu zikajaa kama za mtu anayejiandaa kuingia majini. Yalifika juu, yakasimama. Na hapo hapo, bila kuchelewa wala kuwahi, sauti ikaingia, na mabega yakaanza kushuka pamoja nayo, neno kwa neno, hadi mwisho wa ubeti.

Wimbo ukaisha. Mwanga wa dirishani ulikuwa umefika kwenye mguu wa meza. Ng'ambo, jirani alikuwa amesimama na mzigo wa nguo kavu mikononi, anajiuliza. Chiriku alifungua mdomo, baba yake akamwinulia kidole, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatii.

Mama Chiriku hakugeuka.

"Rudia," alisema.

Fundi akanyoosha mkono kwenye kompyuta.

"Lakini kwanza mtoe huyu paka," mkewe alisema. "Anakoroma juu ya pumzi yangu."